Taa Nyeupe Mbele ya Mzinga

Nyinyi vijana mnaofunga taa kichwani ndio mpande mti mikono ikiwa huru, nisikizeni. Sikusoma sana, lakini mizinga nimeijua tangu niolewe hapa Moding.

Asali yetu huvunwa giza likiingia, nyuki wakiwa wametulia. Marehemu mzee wangu alipanda na moshi, mimi nikabaki chini nikimmulikia kwa tochi iliyofungwa kitambaa chekundu. Nyuki haoni nyekundu. Nyeupe anaifuata.

Kijana wangu, baba wa watoto watatu, aliona mafundi pale Malaba mpakani wakiingia chini ya malori na taa kwenye paji la uso. Akanunua yake. Nikampa kitambaa, akacheka.

"Mama, hii si tochi ya mzee. Hii inamulika mpaka Uganda."

"Kwani nyuki wako Uganda?"

Mke wake naye akacheka. Basi kijana akapanda.

Kupanda alipanda vizuri, hilo sikatai. Lakini alipoinama kwenye tundu la mzinga, mwanga wote ukaingia ndani. Nyuki wakatoka wakiufuata, na ulikuwa usoni pake. Nikapiga kelele, "Zima!" Akabonyeza. Taa ikapungua tu. Akabonyeza tena, ikaanza kumetameta. Kumbe inabonyezwa mara tatu ndio izime, na hakuwahi kuijaribu akiwa chini. Akaachilia tawi aivue kwa mikono miwili.

Hakufa. Lakini miguu haijasikia kitu tangu siku ile. Analala akiangalia ukuta, na nikiingia hageuki. Ningemnyang'anya ile taa. Ningeweza, mimi ni mama yake. Sikufanya.

Juzi mke wake alinifuata jikoni, taa mkononi, ameshaifunga kitambaa.

"Mama, mizinga imejaa. Nitapanda mimi."

Kwetu mwanamke hapandi kwenye mzinga. Niliacha mwiko mpaka ugali ukashika sufuria. Sikuona mwingine wa kupanda. Nikawaita wote wa boma langu, nikawaambia: "Awe mwanaume, awe mwanamke, hakuna atakayegusa mti kabla hajaketi hapa mbele yangu, macho amefumba, akaizima hiyo taa kwa mkono mmoja mara kumi bila kukosea. Anza wewe, mama watoto. Keti."