Bitana ya Kasula ya Zambarau

Chumba cha kushonea cha Mama Joho kilikuwa na milango miwili. Mmoja ulitazama geti la nyuma la chuo kikuu, mwingine ulitazama uwanja wa kanisa la parokia. Kwa mlango wa kwanza waliingia wanachuo waliotaka majoho ya mahafali. Kwa mlango wa pili waliingia wanakwaya, watumishi wa altare na mara mojamoja padri mwenyewe, kila mtu na vazi lake lililochanika. Yeye alikaa katikati na cherehani yake, chaki nyuma ya sikio, na hakuna aliyeingia akatoka bila kuulizwa swali.

Ndivyo alivyozaliwa. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu mtoto siku akijiwa na malaika atamuuliza kwanza amepita njia gani." Shuleni maswali yake yalimpatia viboko zaidi ya majibu. Shangazi yake, aliyemfundisha kushona, ndiye pekee ambaye hakumkemea. Alimwambia tu, "Ukitaka kujua nguo imeshonwaje, ifumue." Akafumua mashati ya baba yake, sketi za shangazi na hata mfuko wa posta, akavishona vyote upya. Baadaye akaolewa na dereva wa basi la chuo, mtu mpole wa maneno ya kupima, na hivyo akajikuta katika chumba kile, kati ya wasomi na waumini.

Hapo inafaa nieleze kidogo kuhusu kanisa letu. Wanachuo hukaa upande wa kulia, sisi wa mtaa upande wa kushoto, wala hakuna aliyetuamuru. Wao hudai ni kanisa la chuo, maana uwanja ulikuwa wa chuo. Sisi hudai ni la mtaa, maana wao huja na kuondoka, lakini sisi tunabatizwa humo na kutolewa humo kwenda makaburini. Ugomvi huu haujawahi kumtoa mtu damu, ila umeshachosha maparoko kadhaa.

Wiki chache kabla ya Kwaresima, paroko mpya alipita mlango wa upande wa kanisa akiwa amebeba kitu kwapani.

"Mama, nimeikuta chini kabisa ya kabati la sakristia," alisema, akakunjua kasula ya zambarau iliyopauka, lile vazi la juu la padri wakati wa misa. "Ziko mpya, lakini hizo zinapeperuka kama mfuko wa nailoni. Hii ni nzito, inatulia mwilini. Tatizo ni mabega, yamechakaa."

"Ni ya lini, Baba?"

"Wanasema ya tangu mwanzo."

"Mwanzo upi? Nani aliishona?"

"Mama, mimi nimekuja juzi," alisema paroko, akaondoka akicheka.

Mchana huo Mama Joho akafumua bega la kulia. Chini ya zambarau kulikuwa na bitana nyeusi, kitambaa cha ndani cha kuitia nguo uzito. Akaivuta taratibu, akaisogeza penye mwanga, na hapo mkono ukasimama. Bitana ilikuwa na mistari myembamba iliyosimama sambamba, kama alama za vidole kwenye unga, na pembeni ya mistari hiyo safu ya vitundu vya sindano. Kitambaa kilichowahi kukunjwa marinda na kukaa hivyo muda mrefu hakisahau, hata ukikipiga pasi ya mkaa. Na marinda ya namna ile, yaliyobanana chini ya bega, yeye aliyashona kila mwaka mpaka vidole vikafa ganzi. Lile lilikuwa joho la mahafali.

Mume wake aliporudi alimkuta ameketi na kasula mapajani, chai imepoa.

"Padri kavaa joho la chuo ndani ya kasula," alimwambia.

"Labda alikuwa na baridi," mume akajibu, akavua viatu.

Lakini Mama Joho alikuwa ameshapata jibu lake, na jibu lenyewe lilimpendeza. Padri wa kwanza lazima alikuwa profesa. Aliacha ualimu wa chuo, akachukua joho lake mwenyewe, akalikata, akaligeuza vazi la misa. Kesho yake alimsimulia mwanakwaya mmoja aliyekuja kupunguziwa sketi. Alisema "nadhani", lakini neno hilo lilidondoka mlangoni mwanakwaya alipokuwa akitoka.

Kufikia Jumapili, profesa alikuwa ameshapata kimo, sauti nzito na chumba cha vitabu. Jumapili iliyofuata alikuwa ameshakataa cheo cha mkuu wa chuo kwa ajili ya Injili. Wanachuo walitembea vifua mbele. "Si tulisema? Kanisa limeanzishwa na profesa!" Watu wa mtaa wakanuna. Mzee mmoja wa jumuiya yetu akatangaza kwamba kama ni hivyo, basi maprofesa waje pia kuzibua mifereji ya kanisa.

Paroko akarudi kwenye chumba cha kushonea. Safari hii hakucheka.

"Mama, habari ya profesa umeitoa wapi?"

"Nimekisia, Baba."

"Basi kisio lako limeota ndevu. Jana kijana mmoja ameniomba tumwekee huyo profesa picha ukutani. Nimemuuliza picha ya nani, hajui."

Mama Joho aliona haya hadi masikio yakawaka moto. Paroko alipoondoka, alifunga milango yote miwili na kufumua bega la kushoto, akitafuta chochote cha kumtetea profesa wake. Alichokikuta kilimmaliza. Bitana ya kushoto nayo ilikuwa joho, lakini joho la mtu mwembamba, marinda yake mapana zaidi, weusi wake wa kijivujivu. Akafumua mgongoni. Joho la tatu, la mshono mwingine kabisa.

"Mtu mmoja hana mabega sita," alimwambia mumewe jioni.

"Hata akiwa profesa," mume akakubali. Kisha akakuna kidevu. "Kwa nini humuulizi Bibi Miwani? Mwaka jana nilimpa lifti ya basi, akanionyesha pale penye maktaba, akasema alipokuwa mwanachuo palikuwa shimo la mchanga."

Bibi Miwani alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu. Alikaa peke yake katika nyumba ndogo nyuma ya tangi la maji, na kanisani alikaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, ambako si kulia wala kushoto. Hakuna aliyewahi kufikiri kumuuliza lolote, maana alikuwa na macho ya mwalimu anayesubiri mtu akosee.

Mama Joho alimwendea Jumamosi asubuhi, kasula imefungwa ndani ya shuka safi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetuzalia profesa?"

"Ndimi, Bibi. Nimekuja nimzike."

Bibi Miwani akatabasamu kidogo, akasogeza kiti. Lakini shuka ilipofunguliwa na bitana ikaonekana, tabasamu likamtoka. Aliweka kiganja juu ya kitambaa cheusi na kukiacha hapo.

"Umeifumua," alisema.

"Kidogo tu, Bibi. Mabegani na mgongoni."

"Pindo la chini hukuligusa?"

"Bado."

Bibi akaigeuza kasula, akatafuta kwenye pindo, akamwonyesha mahali ambapo mshono ulipotea njia, ukapanda, ukashuka, ukarudi. "Huu ni wangu. Nilikuwa najua hesabu, sindano siijui."

Kisha akasimulia, bila haraka, kama mtu anayefungua sanduku lisilofunguliwa siku nyingi.

Wakati wao kanisa halikuwapo. Misa ilisaliwa katika banda ambalo wajenzi wa chuo walikuwa wakihifadhia saruji. Wanachuo Wakatoliki walikuwa wachache. Wengine waliokuja walikuwa waashi, wapishi na wafua nguo waliobaki pale baada ya ujenzi, ndio waliouanzisha mtaa. Padri alikuja na baiskeli, na ukipiga magoti uliinuka mweupe kwa vumbi la saruji.

"Mwaka wetu wa mwisho wanachuo waligoma, chuo kikafungwa, mahafali yakafutwa," alisema Bibi. "Vyeti tulipewa dirishani kama mtu anayepewa chenji. Na majoho tulikuwa tumeshashona. Langu alinishonea mama kwa mkono wake. Likabaki linaning'inia msumarini."

"Hukuwahi kulivaa?"

"Kulivaa niende wapi?"

Basi Kwaresima ikakaribia, na kasula ya zambarau ya padri ilikuwa imeliwa na panya. Palikuwa na mama mmoja mfua nguo, waliyemwita Dada Wanga kwa jinsi alivyozitia kola wanga zikakauka na kusimama kama mbao. Alikuwa amejinunulia kitambaa cha zambarau cha pazia la nyumba yake. Akakileta bandani. Lakini kilikuwa chepesi, kilihitaji bitana. Akawageukia wanachuo waliobaki, akawaambia: "Hayo majoho mnayoyalilia kila siku, yanamvalisha nani?"

"Haikuwauma?" Mama Joho aliuliza.

Bibi Miwani alivua miwani. "Iliniuma mno. Tulikaa chumbani kwake, watatu sisi na yeye, nikashika mkasi, mkono ukakataa. Dada Wanga akaniambia, 'Nipe nikate mimi. Wewe geukia ukutani.' Nikageukia ukutani. Nilisikia tu, kra, kra. Nilipogeuka lilikuwa bitana."

Mama Joho akaanza kuikunja kasula, bitana ikiwa ndani.

Kisha akasema, "Bibi, niruhusu nikushonee joho jingine. Sitaki malipo."

"Nilivae sokoni nichagulie nyanya?" Bibi akarudisha miwani usoni. "Mama yangu ndiye aliyetakiwa alione, na hayupo. Wewe tengeneza mabega. Ila mshono wangu usiunyooshe."

Mama Joho akatengeneza mabega. Alitia vipande vya kitambaa cheusi kilichobaki kwenye majoho ya mwaka ule, akashona kwa mkono, na pindo lililopinda akaliacha lilivyo. Kisha akamwomba paroko dakika moja mwisho wa misa. Alisimama mbele, akasema habari ya profesa ilikuwa yake, hakupewa na mtu, na kwamba ilikuwa ya uongo. Watu wakaangua kicheko. Akaendelea kwa habari ya banda, ya Dada Wanga na ya majoho matatu, na kicheko kikapungua chenyewe. Vichwa vikaanza kugeuka nyuma, kuelekea kiti cha karibu na mlango. Bibi Miwani aliwatazama mpaka wakageuka tena mbele.

Usidhani ugomvi uliisha. Wanachuo sasa husema bila bitana kasula ingepeperuka. Watu wa mtaa huwauliza ni nani aliyewahi kuisifia bitana. Lakini picha ya profesa haijaombwa tena, na mifereji ilipoziba, vijana wawili wa upande wa kulia walikuja na majembe bila kuitwa.

Mama Joho alimtafuta Dada Wanga. Aliuliza kwa madobi, kwa wazee wa mtaa, kwa wajukuu wa waashi. Alichopata ni kidogo: kwamba mume wa Dada Wanga alikuwa mpaka rangi wa majengo, kwamba kazi ilipoisha walihama kufuata ujenzi mwingine, na kwamba dirisha la chumba chake lilikaa bila pazia mpaka siku waliyoondoka. Jina lake la ubatizo hakuna aliyelikumbuka. Jambo hilo linamkera Mama Joho hadi leo, na mtu yeyote anayetaja mpaka rangi wa zamani mbele yake hawezi kuondoka mapema.

Bibi Miwani naye amezoea kuja alasiri kwenye chumba cha kushonea. Huketi kwenye kiti cha wateja na kumenya machungwa huku cherehani ikilia, na Mama Joho humwuliza kuhusu shimo la mchanga, baiskeli ya padri, na ni nani aliyelibomoa lile banda.

"Umenichosha na maswali yako," Bibi humwambia akiinuka.

Kesho yake, jua likianza kupoa, utamwona tena anavuka uwanja wa kanisa na mfuko wake wa machungwa.