Nilituma link ya tangazo la arobaini kwenye group la ukoo, ikabeba na siri ya shemeji

Wakuu, salaam.

Nianze na ujinga wenyewe ili msinitafutie huruma: siri ya ndani ya ndoa ya dada yangu niliiweka kwenye group la ukoo lenye watu arobaini na tatu. Kwa mkono wangu, mchana kweupe, nimekaa jikoni namenya mihogo.

Ninayoandika ni kweli tupu. Majina sitaji na vijiji nimevichanganya, kwa hiyo watu wa Malolo msianze kuulizana.

Mimi niko Nachingwea. Ni mtu wa ndani. Gulioni siendi, shughuli za watu nachanga halafu sionekani, na nadhani kuku wangu wananijua kuliko ndugu. Ila nilimaliza kidato cha nne, na kwenye ukoo wetu hiyo inatosha kukufanya katibu wa kila kitu mpaka ufe.

Dada yangu mkubwa kaolewa Ruangwa, Nandagala. Miaka minane hawajapata mtoto.

Mnajua lawama zinakwenda kwa nani. Mawifi walimsema, mama mkwe alimsema, sisi wa damu yake tulimpelekea mizizi ya kuchemsha. Dada akaichemsha, akainywa.

Mwaka huu wakapima wote wawili. Majibu yakatoka kwa Kiingereza. Dada akanipigia picha ile karatasi, akaandika: "Mdogo wangu, nisomee. Usimwambie mtu."

Kiingereza changu ni cha kujazia fomu. Nikafungua app ya AI.

Ningeweza kuandika yale maneno magumu tu, nikauliza maana yake. Mimi nikaandika kama natoa maelezo polisi: jina la shemeji mpaka la babu yake, umri, kijiji, hospitali, miaka ya ndoa. Hakuna aliyeniuliza. Ile kitu ina adabu sana, ukiizoea unaiona shoga yako.

Ikanieleza vizuri. Tatizo linaonekana liko kwa shemeji, lakini la aina hiyo mara nyingine hutibika, warudi kwa daktari. Nikampigia dada. Alilia, halafu akacheka.

Tarehe ya kurudi kliniki ilikuwepo. Shemeji alikubali kwenda kwa sharti moja, jambo libaki kwao wawili. Kwamba mimi ni wa tatu, hakujua.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya arobaini ya marehemu baba mkubwa. Katibu nikaambiwa niandae tangazo na mgawanyo wa kazi: nani kuni, nani maji, nani mikeka.

Nikaiomba AI iniandikie. Palepale, chini ya mambo ya shemeji. Shuleni nilikuwa na kaunta buku moja, mbele hisabati nyuma historia, na tabia haijaniacha.

Tangazo likatoka zuri. Nikaona uvivu kulikopi. Kulikuwa na kitufe cha kushea, nikabonyeza, ikatoka link, nikaitupa kwenye group, nikarudi kwenye mihogo yangu.

Wakuu, ile link ilibeba mazungumzo yote, kuanzia juu kabisa.

Lingekuwa group la watu wa kusoma kimyakimya, labda ningepona. Kwetu simu moja inahudumia nyumba nzima. Mjomba wa Malolo macho hayaoni vizuri, kwa hiyo ujumbe wa ukoo mkewe humsomea kwa sauti, barazani, na aliyepo anasikia. Siku hiyo aliyekuwepo ni kaka yake shemeji, kaja kutafuta mbegu za ufuta.

Mke wa mjomba akaanza juu, kama mtu yeyote anavyosoma. Alipojua anasoma nini, alishafika mbali.

Binamu ndiye aliyenishtua: "Dada, futa. Futa sasa hivi."

Nikafuta kwa wote, nikapumua. Kumbe kufuta ujumbe hakuui link. Ilibaki hai siku mbili, mpaka nikaingia kwenye mipangilio ya app yenyewe nikaifuta kule. Za watu waliopiga screenshot sina la kuzifanya.

Jioni ile shemeji alimuuliza dada swali moja: "Kumbe ulikuwa unanitangaza?"

Akachukua baiskeli, akaenda kukaa shambani Narung'ombe, wiki mbili na zaidi. Tarehe ya kliniki ikapita. Sasa karudi, anakula, anaongea habari za mikorosho, lakini hospitali hataki kuisikia.

Mawifi nao walikwenda kumtaka dada radhi. Na mimi, kwa akili zangu, nikampigia kumwambia angalau sasa wamejua kosa si lake.

Akanijibu, "Nani kakwambia nilitaka wajue? Nilitaka mtoto."

Akakata.

Kabla ya kuandika hapa nilimwomba ruhusa. Jibu lake ndilo neno la kwanza tangu siku ile: "Andika, wengine wajifunze. Ila usijitetee." Sijitetei.

Ukiiuliza AI jambo la mtu, jina na kijiji viache nje, na karatasi ya hospitali funika jina kabla hujapiga picha. La siri na la ukoo visikae ukurasa mmoja. Ukitaka kutuma, kopi maneno, link achana nayo.

Na niliambiwa nisimwambie mtu. Nilijidanganya kwamba mashine si mtu.

Kama kuna aliyewahi kumshawishi mwanaume arudi kliniki baada ya aibu ya namna hii, naomba aniambie alianzia wapi. Wa kunisema nao ruksa, ingawa hamtamfikia jirani yangu. Yeye ni mtani wetu, kwa hiyo breki hana. Jana alikuja kuazima kinu, akanikuta naweka nywila mpya kwenye simu. Akaniangalia weee, akasema:

"Wewe hata gulioni hapo hufiki, lakini mdomo wako ulifika Malolo kabla ya adhana ya alasiri."