Zenaida na Mashati ya Wafagiaji

Zenaida Huarcaya alishona mikono ya mashati kwa miaka kumi na tisa bila mtu kumuuliza anaonaje. Tulifanya kazi karakana moja, ghorofa ya nne pale Gamarra, mtaa wa washona nguo, yeye kwenye ovaloki, mashine ya kufunga kingo, mimi kwenye mashine ya vifungo, viti vyetu vimepeana mgongo. Alikuwa mtu wa Acobamba, huko milimani, na shule aliiacha darasa la nne kwa sababu kwao kondoo walikuwa wengi na watoto wachache. Hakuwa msemaji. Lakini ukimpa kitambaa akakivuta kidogo kwa vidole viwili, alikwambia papo hapo kitarudi kiasi gani kikifuliwa, na hakukosea.

Mwaka ule tulipewa kazi ya mashati ya wanawake wanaofagia barabara. Tukashona, tukapeleka, na baada ya wiki tatu yakarudi ndani ya magunia. Yote yalikuwa yamechanika mahali pamoja, nyuma ya kwapa. Bosi Fausto akayamwaga mbele yetu, akasema tunashona kama watu wanaokimbizwa. Sisi wengine tuliinamisha vichwa. Zenaida aliokota shati moja, akaligeuza ndani nje, akaupitisha mshono wote vidoleni.

"Mshono haujaachia, bosi," alisema. "Kilichochanika ni kitambaa. Lilivyokatwa, linambana mvaaji. Huyu mama akinyoosha mikono kufagia, shati halina pa kwenda."

Bosi akamsukumia penseli. "Kama unajua kukata, chora basi."

Zenaida aliishika ile penseli. Aliitazama karatasi kubwa ya kahawia iliyotandazwa mezani, kisha akairudisha penseli taratibu na kurudi kwenye ovaloki yake. Mchana ule hakula. Aliniambia baadaye kwamba kilichomuuma si maneno ya bosi. Shati aliliona lote kichwani, lilivyotakiwa kuwa, na hakujua pa kuanzia.

Jumamosi iliyofuata alijiandikisha chuo cha ufundi, mtaa wa pili kutoka kwetu, kozi ya kuchora pateni, yaani vielelezo vya kukatia nguo, na kuandaa mavazi ya kiwandani. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Aliniomba nimsindikize hadi mlangoni, maana ndani kulijaa wasichana waliopaka nywele rangi, na kila mmoja ana kompyuta begani. Mwalimu wao aliitwa Otilia Barrenechea, mwanamke mwembamba ambaye futikamba haikumtoka shingoni, na aliyekuwa amekata pateni viwandani miaka thelathini kabla ya kufundisha.

Siku ya kwanza mwalimu hakutoa karatasi. Aliwaambia wainame wafunge viatu, wajinyooshe waguse juu ya dirisha, wachuchumae waokote kitu chini ya meza, kisha kila mmoja aseme nguo imemvuta wapi. Wasichana walicheka kwa aibu. Zenaida ndiye aliyejibu wa kwanza, akaonyesha kwapani, kiunoni na nyuma ya magoti. Mwalimu akamuuliza jina.

Hesabu ndiyo iliyomwangusha. Robo ya kifua, nusu ya mgongo, toa hiki, ongeza kile. Jumamosi ya tatu alikunja vitu vyake katikati ya somo, akamwambia mwalimu kwamba amejaribu, ila kichwa chake kimeshakauka. Mwalimu Otilia hakumbembeleza. Alikata ukanda wa karatasi wenye urefu sawa na kifua cha Zenaida, akamkabidhi.

"Ukunje mara mbili. Ukiufungua utaona nini?"

"Sehemu nne."

"Moja ya hizo ndiyo robo. Mama, wewe hesabu umeifanya kwa mikono maisha yako yote. Kilichobaki ni kujua jina lake. Kaa chini."

Akakaa. Kuanzia hapo nyumba yake ilijaa vipande vya karatasi vilivyokunjwa, na mimi nilipomtembelea nilivikuta hata ndani ya sukari.

Ulipofika wakati wa kazi ya mwisho, kila mwanafunzi alitakiwa achague vazi moja na kulitengeneza upya tangu mwanzo. Zenaida alichagua lile shati. Mwalimu akamuuliza kama ameshampima anayelivaa. Akajibu kwamba amelipima shati lenyewe, kila upande.

"Shati halifagii," alisema mwalimu.

Basi tukaenda alfajiri, mimi na yeye, hadi kona ambapo wafagiaji hukusanyika kunywa kinoa ya moto, uji wa nafaka ya milimani, kabla ya kuanza kazi. Manyunyu ya Julai yalikuwa yakianguka, na mimi nimeshika daftari la kuandikia vipimo. Mkubwa wao, Bi Primitiva, mwanamke mpana mwenye meno mawili ya dhahabu, alimtazama Zenaida akikunjua futikamba.

"Unanipimia shati au jeneza, dada?"

"Shati," Zenaida alijibu. "Jeneza halina mikono."

Walicheka hadi mwuza kinoa naye akacheka, kisha wakapanga foleni. Kila mmoja Zenaida alimpima mgongo mara mbili, mara ya kwanza mikono ikiwa chini, mara ya pili ameshika ufagio na kuunyoosha mbele. Mgongo uliongezeka sentimita tano. Wa Bi Primitiva uliongezeka saba. Zenaida alirudia kipimo hicho, akanitazama, na ndipo nilipomwona akitabasamu kama mtu aliyeletewa barua aliyoingoja.

Sampuli ya kwanza ilikuwa kubwa kila mahali, na Bi Primitiva alisema humo ndani angeweza kupangisha mtu. Ya pili Zenaida aliitia kikwapa, kile kipande kidogo kinachoshonewa chini ya mkono. Ikawa afadhali, ila mkono ukipanda shati lilichomoka kiunoni. Ya tatu aliiacha na kikwapa, akaongeza marinda mawili yaliyofichwa mgongoni, yanayofunguka mtu akinyoosha mikono na kujifunga akiishusha. Bi Primitiva alifagia na shati hilo wiki nzima, akilifua kila jioni. Alipolirudisha hatukuona uzi uliokatika. Tukamuuliza alionaje, akasema hakumbuki, alisahau kama amelivaa.

Mwalimu alimfanya aandike karatasi ya maelezo mara nne, hadi fundi asiyemjua aweze kuishona ile nguo bila kuuliza swali. Zenaida aliiweka mezani kwa bosi Fausto. Bosi aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena. Aliuliza kitambaa kitaongezeka kiasi gani. Zenaida akamwonyesha jinsi alivyovigeuza vipande wakati wa kuvipanga juu ya kitambaa, hata ongezeko likawa dogo.

"Siku ile nilikudharau mbele za watu," bosi alisema, na hilo alilisema mbele za watu vilevile.

Mashati mapya yalienda, na safari hii hayakurudi. Zenaida akahamia meza ya kukatia, karibu na dirisha.

Miaka miwili baadaye tulisikia Mwalimu Otilia amefanyiwa upasuaji wa titi. Tulimkuta kwa binti yake, mtaa wa Breña. Mkono wa kulia ulikuwa haupandi, na tulipofika alikuwa anavalishwa blauzi, uso ameugeuzia ukutani. Zenaida hakutoa pole ndefu. Alitoa futikamba mkobani, akamwomba ruhusa ya kumpima.

Baada ya siku nane tulirudi na blauzi ya pamba ya buluu, inayofunguka begani na ubavuni, asihitaji kuinua mkono hata kidogo. Mwalimu alituambia tusubiri sebuleni. Alichukua muda. Alipotoka alikuwa ameivaa mwenyewe, na binti yake akaingia jikoni haraka akijifuta macho.

"Nilikuja kushukuru, mwalimu," Zenaida alisema. "Sikujua kusema, ndiyo maana nimeshona."

Mwalimu aliupitisha mshono wa bega vidoleni, polepole, kisha akajitazama kiooni.

"Nimesikia," alisema. "Imenikaa vizuri, mama. Ila kola ya kushoto imezidi milimita mbili."

Zenaida akapima. Kweli zilikuwa mbili. Akaomba mkasi mdogo, akavuta kiti dirishani, akaanza kuifumua ile kola huku anacheka peke yake, na mwalimu, ameshaivua blauzi na kujitupia shali mabegani, akasogeza kiti chake karibu ili aone vizuri.