Shimo Nyuma ya Mashine ya Premji

Premji hakuwasha mashine ya kusaga kabla ya kuigusa. Kila asubuhi pale Ikutha aliweka kiganja kwenye chuma, akakipeleka kwenye paji la uso, na unga wa kwanza kutoka akauchota kidogo, akauweka mbele ya picha ya Krishna iliyotundikwa juu ya swichi. Wateja walishazoea. Alizaliwa hapo hapo, Kikamba chake cha kuwashinda vijana wa leo. Ukimuuliza, angekwambia unga ni sadaka ya Mungu kwanza, ndipo uwe chakula cha mtu. "Kazi ni yangu," angesema. "Matunda ya kazi namwachia yeye." Na alimaanisha, mzee yule. Hakuna siku alidai shukrani.

Basi mwaka huo mvua ikaja vibaya. Ilingoja mahindi yakauke shambani, ndipo ikamwagika. Watu wakavuna hivyo hivyo, wakafunga magunia yakiwa mabichi, maana njaa ilikuwa mlangoni. Premji alifungua gunia la Kanyiva, mjane jirani yake, na harufu ikamrudisha nyuma. Punje zilikuwa na ukungu wa kijani. Ukambani hapa watu wamezika jamaa zao kwa sumu ya ukungu huo. Haitoki kwa kuosha wala kwa kupika.

"Hii sisagi," alimwambia. "Siwezi kumpa Mungu, sasa nitakupaje wewe na watoto?"

Akampimia mahindi yake mwenyewe, gorogoro kwa gorogoro, akabaki na yale mabovu. Akawafanyia hivyo wote waliokuja, mpaka stoo yake ikabaki kuta tupu. Mabovu akayafukia, magunia na yote, kwenye shimo nyuma ya mashine.

Ungedhani walimwombea baraka. Wapi! Sokoni maneno yakaanza. Ati Mhindi hatoi kitu bure, ati lazima ana mnunuzi wa yale mabovu. Aliyechochea zaidi ni Mulei, broka wa nafaka, mtu wa kucheka sana huku macho yake hayacheki. Alianza kupita nyuma ya mashine. Alisimama penye lile shimo, akachokora udongo kwa kiatu, akaenda zake bila salamu.

Kanyiva aliona. "Mzee, simpendi Mulei vile anaangalia hilo shimo. Fukua, mwaga dizeli, uchome."

"Mama Ndululu, mimi nimefanya yangu. Yaliyobaki ni ya Bhagwan."

"Kwani Mungu amekukataza kuchoma?"

Premji akacheka, akawasha mashine. Dizeli ilikuwa kidogo, na alitaka kuwasagia watu. Tena niseme ukweli: alikuwa amechoka, na safari hii maneno ya kumwachia Mungu yalimtoka kwa urahisi mno.

Asubuhi moja akakuta shimo limefukuliwa. Si mbwa; mbwa haondoki na magunia. Alimwendea Mulei, Mulei akaapa mbele ya soko zima. "Mimi? Uozo huo nitauuzia nani?" Watu wakacheka, na Premji akarudi akijituliza kwamba kweli, hakuna mwenye akili atakayenunua mahindi ya kijani. Alisahau kwamba Wakamba wana kinu na mchi.

Siku zikapita. Kanyiva akaja na bakuli limefunikwa kwa sahani, na binti yake Ndululu nyuma. Alikuwa amepika muthokoi, shukrani kwa yale mahindi ya siku ile. "Sijatia nyama, mzee. Najua huli."

Mahindi yalikuwa yametwangwa hadi maganda yakaisha, meupe, yanapendeza na maharagwe. Premji akaweka kijiko mdomoni. Chungu! Akatemea kiganjani, akaipeleka punje moja kwenye mwanga wa mlango. Pale kwenye jicho la punje palibaki rangi kidogo, ya kijani.

"Ulinunua wapi?"

"Kwa Mulei. Muthokoi wake ni wa bei nzuri, soko lote tunanunua kwake. Kuna nini?"

"Watoto wamekula?"

"Si ndicho chakula? Ni huyu Ndululu tu amekataa leo, anasema tumbo."

Mtoto alikuwa ameketi mlangoni. Aliinua uso, jua likamwangaza, na weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano.

Premji akazima mashine. "Shimo lilikuwa kazi yangu," alisema, na Kanyiva hakuelewa. "Lete wale wengine upesi, tunaenda hospitali."

Akambeba Ndululu akatoka mbio. Ilikuwa siku ya soko. Mbele ya meza ya Mulei foleni ilifika barabarani, kila mtu na mfuko wake. Premji akaanza kupiga kelele kabla hajawafikia: wasinunue, wasile, ni sumu!

"Mhindi ameanza tena," mtu mmoja alisema, na foleni ikasogea mbele.