Misalaba Isiyo na Jina

Baba yangu, Kweyu, ni mchoraji. Ukipita Dandora uone bucha yenye ng'ombe anayecheka, huyo ng'ombe ni wa baba. Mama wa shingo ndefu kwa mlango wa saluni, samaki na ugali unaotoa moshi kwa ukuta wa hoteli, hizo pia ni zake. Vinyozi ndio humpenda zaidi. Anawachorea vichwa vingi kwa safu, kila kichwa na mtindo wake, na vyote ni kichwa cha Nyamai, rafiki yake, seremala wa Gikomba, kwa sababu Nyamai peke yake ndiye hukubali kukaa kwa kiti aangaliwe. Nyamai mwenyewe ana kipara. Watu humtania, "Nywele zako ziko kwa kinyozi, wewe unatembea bila." Naye hujibu, "Nimeziweka mahali salama."

Hiyo ni kazi ya mchana. Jioni baba huandika misalaba, na hiyo ni ya kujitolea. Mtu akifa huku kwetu, kamati ya mazishi inakaa, watu wanachanga, basi linatafutwa, na mwili unapelekwa nyumbani, Magharibi ama Ukambani. Jeneza ni la kununua. Msalaba ni wa baba. Nyamai anatoa mbao zilizobaki kwa kazi zake, baba anapaka nyeupe, kisha anaandika jina kwa nyeusi, siku ya kuzaliwa, siku ya kufa, na ua dogo chini. Alianza nikiwa mdogo, wakati kifo kilikuwa kitu cha mara moja moja. Siku hizi kamati inamaliza mtu mmoja na mwingine yuko mlangoni. Watu wanakonda, wanakohoa, wanaenda, hata vijana, na hakuna anayetaja ni nini.

Sasa, rangi ya mafuta haitaki haraka. Baridi ya mwezi wa saba ikiingia, unaipaka leo na kesho bado inanata. Kuna mzee aliandikiwa jina juu ya nyeupe ambayo haikuwa imekauka. Msalaba ukafungwa na blanketi juu ya basi. Walipofika Bungoma na kulifungua, jina lilikuwa limetoka na blanketi. Mzee akazikwa chini ya mbao iliyopakapakwa tu, mtu akipita hajui ni kaburi la nani. Mjane wake aliporudi Nairobi alikuja kwetu, akakaa, hakulaumu mtu. Alilia, akafunga leso yake, akaenda. Baba hakugusa chakula siku hiyo.

Tangu hapo baba hupaka misalaba mapema, kabla mtu hajafa, ikae ikauke, ingoje jina. Na nje haiwezi kukauka. Taka zikichomwa kule jalalani majivu huruka mpaka kwetu, na rangi mbichi huyashika yote. Kwa hivyo misalaba ilikaa ndani, kwa chumba chetu hicho kimoja, imeegemea ukuta nyuma ya pazia, upande ambao mimi na ndugu yangu Gordon tunalala.

Mama hakupenda tangu mwanzo. Mama ni Muhonja, hufulia watu nguo mtaa wa Fedha, na si mtu wa maneno mengi. "Baba Kageha, hizi vitu zinaita," alisema siku ya kwanza. Kageha ni mimi. Baba akacheka. "Mbao itaita nani?" Tangu siku hiyo mama alivuta pazia mpaka mwisho kila jioni, na akihitaji kitu nyuma yake alinituma mimi.

Mwaka huu wa tisini na sita, baridi hiyo hiyo, Gordon akaanza kuwa moto. Ana miaka minne. Kilianza kikohozi, tukasema ni moshi wa jalala. Halafu akaacha kula. Kliniki walitupa dawa ya maji, ikaisha na moto ukabaki. Mama akaacha kwenda Fedha. Alikaa kitandani na Gordon mapajani, akimpangusa na kitambaa, na macho yake yalikuwa kwa pazia.

Alhamisi asubuhi aliamka mwenyewe kutafuta blanketi nyuma ya hilo pazia. Akasimama hapo. Baba alikuwa amepaka misalaba mipya, na mmoja ulikuwa mfupi. Ile mingine inanifika kifuani. Huo ulinifika gotini.

"Huu ni wa nani?"

Baba alikuwa anaosha brashi na tapentaini. "Wa nani vipi? Hauna mtu."

"Amepimwa nani?"

"Mama Kageha, mbao iliisha. Nyamai alikuwa na kipande, akaona kisitupwe."

"Nyamai anajua mtoto ni mgonjwa?"

"Si juzi alimletea machungwa."

"Mkono mmoja unaleta machungwa," mama akasema, "huo mwingine unakata mbao."

Baba akaweka brashi chini. Nilimwona akiangalia ule msalaba kama hajawahi kuuona, na alikuwa ameupaka yeye.

"Zitoke," mama akasema. Hakupaza sauti. "Zote. Giza ikiingia zikiwa hapa, nampeleka Gordon kwetu, mama yangu amshike."

Kwao ni Maragoli. Kumbeba Gordon mpaka huko kwa basi, na ile baridi ya njiani, na vile alikuwa anapumua, hata mimi niliona huenda asifike. Baba aliona pia. Akaenda akaazima mkokoteni.

Yeye alivuta, mimi nikasukuma. Tulifunika na magunia, lakini umbo la msalaba halifichiki. Wamama walivuta watoto kando. Kijana mmoja alikuwa ameegemea ukuta akauliza, "Mzae, leo unauza za jumla?" Wenzake wakacheka. Baba akazidi kuvuta.

Tulianza kwa Mzee Lusweti, mwenyekiti wa kamati, ambaye ana stoo ya makaa. Alitoka na kikombe cha chai.

"Kweyu. Nani tena ameenda?"

"Hakuna, mzee. Naomba uniwekee hizi kwa stoo. Mtoto wangu ni mgonjwa na mama yake hazitaki kwa nyumba."

Mzee aliangalia magunia, akaangalia chai yake. "Unajua huku ndani niko na wajukuu."

"Hazina jina. Ni mbao tu."

"Hiyo ndiyo mbaya, Kweyu. Ikiwa na jina, unajua inaenda kwa nani."

Na ni huyo huyo alituma mtu kwetu Jumapili iliyofuata kuuliza kama kuna mmoja umekauka.

Kanisani tuliambiwa ukumbi unapambwa, Jumamosi kuna harusi. Mama mmoja anayefagia huko alitushikia lango likiwa nusu wazi. "Baba Kageha, si unaelewa. Maua, na hizo?" Baba alisema anaelewa. Akamshukuru hata.

Tukavuta mpaka Gikomba. Ni mbali, na mikono yangu ilikuwa imechubuka tukifika. Nyamai alikubali kabla baba hajamaliza kusema, lakini anafanyia kazi chini ya bati moja na mafundi wa vitanda, na hao walikataa. "Nani atanunua kitanda cha harusi kikiwa karibu na hiyo?" mmoja akasema. Nyamai aliwabembeleza, akawatukana Kikamba, wakazidi kukataa. Ndipo akafunua gunia akaona ule mfupi.

"Huu nilikata mimi," akasema. "Sikufikiria."

"Mimi nilipaka," baba akasema. "Sikufikiria pia."

Nyamai akachukua shoka. "Wacha niupasue, tuuchemshie chai."

Baba alishika ule mpini. Walisimama hivyo, wameshika shoka wote wawili. "Usipasue," baba akasema polepole. "Kuna mtu atauhitaji."

Nyamai aliniangalia mimi, akaangalia chini. Baba pia alisikia alichosema. Tukageuza mkokoteni, tukarudi Dandora.

Tulifika kukiwa na giza jepesi. Mama alikuwa amefunga kifurushi, amekaa mlangoni na Gordon mgongoni, shuka imemzunguka. Aliona mkokoteni na mzigo wake ule ule. Kabla hajafungua mdomo, Nthambi akaja kutoka mlango wa pili. Nthambi ni jirani yetu, tunachota maji naye mfereji mmoja. Binti yake, Nzisa, alikuwa wa umri wa Gordon na walicheza pamoja mpaka wote wawili wakashikwa na kikohozi. Mchana huo alikuwa amempeleka hospitali.

Alikuja bila viatu, bila mtoto.

"Baba Kageha," akasema, "Nzisa ameniacha. Kesho tunampeleka nyumbani Mwala." Akaangalia mkokoteni. "Niliona ukipita na mkokoteni asubuhi. Niliona kuna mmoja mdogo."

Mimi nilikuwa namwangalia mama. Mabega yake yalishuka. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua mtungi wa maji kutoka kichwani, ndefu, na uso wake ukafunguka. Halafu akaziba mdomo na mkono. Akanipa Gordon, akaenda akamshika Nthambi, na akalia kumshinda Nthambi mwenyewe.

Baba aliandika pale pale kizingitini. Nyeupe ilikuwa imekauka vizuri. Mama alimshikia taa.

Nthambi alipoondoka na msalaba, baba akasema, "Huo umeenda. Hii mingine nitailaza nje, ishike majivu, sijali. Baki."

"Uliniona?" mama akamuuliza.

"Nilikuona wapi?"

"Kageha aliniona." Alikuwa anafunga tena kifurushi, ingawa kilikuwa kimefungwa. "Mtoto wa Nthambi amekufa na mimi nikafurahi. Nilisema moyoni, asante, umepata wako. Kesho nitachota maji naye vipi? Na mtoto wa mwingine akifa, nitafurahi tena?"

Baba alimwambia ataacha. Hatapaka tena mapema. Mama akamwambia, "Wewe huwezi kuacha. Na ukiacha, nani atawaandikia?" Alisema hivyo bila hasira, na hiyo ndiyo iliniogopesha.

Ijumaa tukawasindikiza mama na Gordon stendi ya mabasi. Basi la kwanza la Magharibi lilikuwa na jeneza juu ya keria. Mama akatikisa kichwa, likaenda. La pili pia lilikuwa na lake, na msalaba umefungwa kando.

"Mama Kageha, ni Ijumaa," baba akamwambia. "Watu wanazika kesho. Yote yatakuwa hivyo."

La tatu likaanza kujaa mbele yetu. Konda akamuuliza, "Mama, unapanda ama umekuja kutukagua?" Gordon alikuwa anakohoa ndani ya shuka. Mama aliangalia msalaba uliofungwa juu ya hilo basi.

"Huo ni mkono wako?"

Baba akasogea, akasoma. "Hapana. Ni wa mtu mwingine. Siku hizi tuko wengi."

Mama akapanda. Kulikuwa na msongamano mlangoni, kwa hivyo baba alimpitishia Gordon kwa dirisha, na alikuwa mwepesi hivi kwamba mkono mmoja ulitosha.