Shauri la Michungwa ya Kinole

Mwezi wa Rajabu, mwaka mmoja kabla ya reli kufika Morogoro, nilifiwa na kaka yangu mkubwa. Alikuwa wakili. Kazi yake ilikuwa kuwasemea watu mashauri yao mbele ya akida, na mara mojamoja bomani kwa Mdachi. Mimi nilikaa barazani kwake nikiwapokea watu na kuwasikiliza kabla yeye hajatoka. Nilisoma chuo cha Kurani tu, na kuandika nilijifunza ukubwani.

Siku ya mazishi watani wetu walifanya kama ilivyo desturi. Mmoja alijilaza njiani mbele ya jeneza, akaiga sauti ya kaka: "Hamniziki mpaka tupatane ujira kwanza." Watu wakacheka. Kisha akanigeukia. "Na huyu bubu atakula nini? Ukimpa shauri la kuku, kuku atazeeka kabla hajafungua mdomo."

Nilicheka kidogo, maana mtani hakasirikiwi. Lakini maneno yale yalienea mjini. Arobaini ikapita bila mtu kupiga hodi. Mjane wa kaka na watoto wake walinitegemea mimi, na sikujua kazi nyingine.

Wa kwanza kuja alikuwa mzee wa Kinole, naye amefiwa na mke. Alikuwa amepanda michungwa katika shamba la mkewe, na sasa mashemeji walimtaka aondoke mikono mitupu.

"Nataka shamba lote," alisema. "Nimelilima tangu ujana wangu."

Nilimwacha amalize. "Shamba hulipati, mzee. Kwenu ardhi ni ya ukoo wa mama, inarudi kwa ndugu za marehemu. Miti uliyoipanda mwenyewe, hiyo naweza kuisemea."

"Kaka yako angeniambia nitashinda."

"Angekuambia hivi hivi, ila ungetoka unacheka."

Akasema yuko wakili mwingine karibu na soko ambaye amemwahidi shamba zima. Nikamwambia aende kama anataka. Nilisema hivyo huku nikijua kwamba ndani unga umebaki wa siku ile tu. Mzee alishika fimbo yake kama anayetaka kuinuka, kisha akaiweka chini.

"Miti, basi," akasema.

Tukapatana ujira palepale, kabla ya jambo lingine lolote, kama kaka alivyofanya siku zote. Kisha nikapanda mlima mpaka Kinole kuitazama michungwa na kuwauliza majirani waliomwona akiipanda. Wengi hawakutaka kuingia katika ugomvi wa watu. Wawili walikubali kushuka kutoa ushahidi.

Mbele ya akida, shemeji mkubwa wa mzee alisema vizuri sana. Alitaja babu zake wote waliozikwa katika ardhi ile. Zamu yangu ilipofika nilisema shamba ni lao na hatuligombei. Mashemeji wakatazamana, kwa sababu walikuwa wamejitayarisha kwa hilo tu. Nikawaita wale majirani wawili, wakasema walimwona mzee akiipanda miti ile. Akida akaamua kwamba ardhi ni ya ukoo, na mzee ataichuma michungwa yake maisha yake yote. Mzee alisema ahsante mara moja, akachukua fimbo yake akaenda.

Siku chache baadaye, yule shemeji alikuja barazani kwangu.

"Wewe bubu umenishinda," alisema. "Sasa nisemee mimi. Nataka kumfungia njia. Michungwa ni yake, sawa, lakini anapita wapi kuifikia?"

"Siwezi. Nimeshamsemea yeye."

"Shauri lile limekwisha. Na ujira ninao hapa."

"Michungwa ni ile ile, bwana."

"Utakufa na njaa, ndugu yangu." Alisema hivyo bila hasira.

Akaomba maji, nikampa. Alipokwisha kunywa alirudisha kata, akaelekea sokoni kwa yule wakili mwingine. Nilikaa barazani mpaka alasiri. Hakuja mtu mwingine siku ile.