Kadi Iliyorudi na Lori la Kisaki

Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mume wangu kilipofungwa, tulibaki na taipureta aliyoinunua kwenye mnada. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, na kila kukicha kikundi kipya kilianzishwa Morogoro, nacho kikataka vitambulisho. Tukaanza kuvitengeneza sebuleni. Mimi nilichapa maandishi kwenye kadi ya manila na kubandika picha ya pasipoti. Mume wangu akaifunika kwa plastiki, akatandaza kitambaa na kupitisha pasi taratibu. Nyumba nzima ilinuka plastiki, hadi wali.

Miongoni mwa wateja wetu walikuwa kina mama waliokuwa wakishusha ndizi na mboga kutoka milimani. Nilimuuliza mwenyekiti wao ofisi yao iko wapi, ili niiandike nyuma ya kadi.

"Ofisi yetu hii hapa kichwani," alisema, akigusa tenga lake. "Andika hapa kwako, mwanangu."

Basi nikachapa kwamba atakayeiokota airudishe nyumbani kwetu.

Baadaye zikaanza kusikika habari kwamba watu wanaotengeneza vitambulisho majumbani wanakamatwa kwa kughushi. Sisi hatukughushi chochote, lakini moyo haukutulia. Kwa hiyo mchana mmoja mjumbe wetu wa nyumba kumi alipopiga hodi akiwa na mwanamume nisiyemjua, na yule mgeni akatoa mfukoni kadi tuliyoitengeneza sisi, nilijua zamu yetu imefika.

"Shikamoo mama. Hii imetoka hapa?" aliuliza yule mgeni.

Niliitikia, huku nikitamani kukana. Mume wangu akatoka chumbani, akasema, "Imetoka hapa. Kuna nini?"

Yule mwanamume alikuwa dereva wa lori, ametoka Kisaki. Mwenye kadi, mmoja wa wale kina mama, alikwenda huko kununua ufuta, akaanguka gulioni. Homa ilimpanda hata hakuweza kutaja kwao. Mganga wa zahanati alipompekua akaikuta kadi kwenye pindo la khanga, akampa dereva aitafute nyumba yetu.

"Yu hai?" niliuliza.

"Hai kabisa. Ni malaria. Nimemwacha anakunywa uji, anagomba hauna sukari."

Mume wangu alicheka kwa sauti, nami nikamfuata, huku machozi yananitoka. Sijui nilikuwa nikimlilia yule mama au ile hofu niliyokuwa nimeibeba.

Jioni hiyohiyo tulipanda mlimani Bigwa, alikokaa yule mama, kumtafuta binti yake. Tulimkuta uani, majirani wamemzunguka. Alikuwa ametoka kumuulizia mama yake hospitali na polisi. Nilipomwambia amepatikana, alikaa chini palepale kwenye udongo.

"Rudia, dada."

Nikarudia. Akanishika mkono, asiuachie mpaka nilipomweleza yote, hadi habari ya uji. Hapo ndipo alipocheka. "Huyo ni mama kweli," alisema.

Alifuatana na dereva lori lilipogeuza kurudi Kisaki. Waliporudi, walipitia kwetu kwanza. Mama alikuwa amekonda, anamwegemea binti yake, lakini alivua viatu mwenyewe na kuchagua kiti cha karibu na dirisha. Nilimtilia chai, nikaweka sukari nyingi. Akaonja, akanitazama.

"Ongeza kidogo," alisema.